Vijana wa Burundi: kwa nini "Wahutu na Watutsi" haitoshi kuwaeleza

Burundi inapotajwa kwenye habari, mazungumzo yetu Watanzania hayachelewi kufika palepale. Iwe ni uchaguzi, iwe ni wakimbizi wanaohimizwa kurudi kwao kutoka kambi za Kigoma, iwe ni Seneti yao kujadili kama viti vya uongozi viendelee kugawanywa kwa kabila, mtu atasema, "Wale Wahutu na Watutsi wameanza tena," na wenzake wataitikia. Nimesikia kauli hiyo ikitumika kueleza mauaji ya 1972, vita vya 1993, maandamano ya 2015 na uchaguzi wa 2025, kana kwamba yote ni tukio moja linalojirudia.

Wanaoonewa zaidi na kauli hiyo ni vijana. Zaidi ya nusu ya Warundi hawajafikisha miaka 20, maana yake walizaliwa baada ya mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000. Vita vya wazazi wao wamevisikia tu, au wamevihisi katika ukimya wa nyumbani. Ukitaka kujua wanagombania nini leo, lazima ujue kabila linaeleza nini katika maisha yao, na linaachia wapi.

Tuanze na maneno. Utambulisho ni jibu la swali "wewe ni wa wapi, na ni wa nani?" Mtu mmoja ana majibu mengi: ukoo, dini, kilima alikozaliwa (kwa Mrundi kilima ndicho kijiji), shule, chama, kabila. Wakati wa amani majibu hayo hukaa pamoja bila kugombana. Vita huyafuta karibu yote na kubakiza moja, lile ambalo mtu akikosea kulitamka kwenye kizuizi cha barabarani anauawa. Jamii inayotoka vitani ni ile ambayo bunduki zimenyamaza lakini jibu hilo moja bado linaogopesha. Na uanaharakati ni juhudi za raia wasio na vyeo kutaka jambo libadilike, kwa kuandamana, kutangaza redioni, kuandika au kwenda mahakamani. Kuna pia vijana wa chama tawala, ambao nao hujiona watetezi wa nchi. Hao nitawarudia, maana bila wao hadithi ya vijana wa Burundi ni nusu.

Si makabila kama tunavyoyajua sisi

Mtanzania akisikia kabila, anafikiria lugha na eneo. Msukuma ana Kisukuma na ana Usukuma. Burundi si hivyo. Mhutu, Mtutsi na Mtwa, wa kundi la tatu lililo dogo sana, wote wanazungumza Kirundi. Wanaishi vilima vilevile, wanasali makanisa yaleyale, na koo kadhaa zina Wahutu na Watutsi ndani yake. Hakuna mkoa wa Wahutu. Mtoto hufuata kabila la baba, kwa hiyo ndoa za mchanganyiko, ambazo ni nyingi, humwacha mtoto na wajomba wa upande mmoja na baba wadogo wa upande mwingine. Juu ya wote, enzi za ufalme, walikuwepo Waganwa, ukoo wa kifalme, ambao hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi.

Tofauti zilikuwepo, na dharau ilikuwepo. Kudai kwamba kabla ya wazungu watu waliishi kama malaika ni kupotosha kwa namna nyingine. Ila kabila halikuwa tiketi ya cheo kwa namna lilivyokuja kuwa baadaye. Wabelgiji, waliochukua nchi kutoka kwa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walipanga upya utawala wa machifu. Mwaka 1929 karibu chifu mmoja kati ya watano alikuwa Mhutu. Kufikia 1945 hakubaki hata mmoja. Mtoto wa Kihutu aliyezaliwa miaka hiyo alikua akiona kwamba serikali ni kitu cha wengine.

Hata hivyo, harakati za uhuru hazikuongozwa na kabila. Mwanamfalme Louis Rwagasore, Mganwa aliyeoa mke wa Kihutu, alikifanya chama cha UPRONA kuwa cha watu wote. Alikuwa karibu na Julius Nyerere na TANU. Mjini Bujumbura, wakati huo Usumbura, sehemu ya nguvu zake ilitoka Buyenzi, mtaa wa Waislamu wanaozungumza Kiswahili, wenye asili za Congo, Tanganyika na Burundi yenyewe. Katika uchaguzi wa Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore alipigwa risasi akiwa kwenye chakula cha jioni hotelini. Hakuishi kuona uhuru wa Julai 1962, na warithi wake walianza kugombania chama chake kwa misingi ileile aliyoikataa.

Shule ilipogeuka mahali pa hatari

Ukitaka kuelewa kwa nini kijana msomi ana nafasi ya pekee katika siasa za Burundi, usianze na 1993. Anza na 1972.

Aprili 29 mwaka huo waasi wa Kihutu walishambulia kusini mwa nchi, maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi. Serikali ya Michel Micombero, iliyotegemea jeshi la maofisa wa Kitutsi kutoka kusini, ilijibu kwa kuwasaka Wahutu waliosoma. Waliokamatwa ni walimu, makarani, wauguzi, mapadri, wanafunzi wa chuo kikuu na hata wa sekondari. Majina yaliitwa darasani, malori yakaja, na walioitwa hawakurudi. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Warundi huuita mwaka ule Ikiza, yaani janga.

Fikiria athari yake kwa kizazi kilichofuata. Familia nyingi za Kihutu ziliacha kupeleka watoto shule, kwa kuwa elimu ndiyo iliyomuua baba. Chini ya Jean-Baptiste Bagaza, aliyetawala kuanzia 1976 hadi 1987, kutaja kabila hadharani kulipigwa marufuku kwa jina la umoja wa kitaifa. Wakati huohuo, wengi waliosoma miaka hiyo wanasimulia kwamba karatasi za mitihani ziliwekwa alama ya siri, herufi moja kwa mtoto wa Kihutu na nyingine kwa wa Kitutsi, ili kupunguza idadi ya Wahutu wanaoingia sekondari. Tulishike hilo hadi tutakapofika Arusha: mdomoni kabila halikuwepo, lakini kila mzazi wa Kihutu alikuwa na hakika kwamba mahali fulani mtu analihesabu.

Upande wa pili wa mpaka, yaani kwetu, jambo lingine lilitokea. Waliokimbia 1972 waliwekwa katika makazi makubwa ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Uchunguzi wa kianthropolojia uliofanywa miaka ya 1980 uliona tofauti kubwa kati ya waliokaa Mishamo na waliokwenda kuishi mjini Kigoma. Wa Mishamo, waliotengwa pamoja na wenye uchungu mmoja, walijenga historia iliyonyooka sana ya taifa la Wahutu lililonyang'anywa nchi. Wa Kigoma mjini walichanganyika na wenyeji, wakajiita Waha, Waislamu, wavuvi, chochote kilichowasaidia kuishi, na habari ya taifa la Wahutu haikuwakaa sana. Damu ni moja na mwaka wa kukimbia ni mmoja, lakini walitokea watu wawili tofauti. Mwaka 1980 PALIPEHUTU, chama cha kupigania Wahutu, kilianzishwa Mishamo, na waanzilishi wake walikuwa kizazi hicho cha wakimbizi.

Mfano huu naupenda kwa sababu unavunja dhana kwamba chuki ya kabila hurithiwa kwenye damu. Mahali ulipowekwa, nani anakusimulia na nani anakukataza kusimulia, ndivyo vinavyoamua jibu gani kati ya majibu yako mengi litakuwa na nguvu. Wengi wa watoto na wajukuu wa makazi hayo leo ni Watanzania kisheria: serikali yetu iliwapa uraia Warundi wa 1972 wapatao 162,000, na vyeti vikaanza kutolewa 2014.

Vijana wa 1993: wauaji, waliouawa, na waliokataa

Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais wa kwanza Mhutu. Oktoba 21 wanajeshi walimuua. Katika vilima vingi Watutsi walishambuliwa kwa kulipiza. Katika shule ya Kibimba, wanafunzi wa Kitutsi zaidi ya 70 walichomwa moto na kuuawa. Jeshi nalo likawaua raia Wahutu. Vita vilivyofuata vilichukua zaidi ya miaka kumi na, kwa makadirio yanayonukuliwa mara nyingi, roho 300,000.

Mjini Bujumbura magenge ya vijana wa Kitutsi, maarufu zaidi likiwa lile lililoitwa Sans Echec, yalifunga mji na kuwafukuza Wahutu mtaa kwa mtaa. Kamenge na Kinama zikabaki za Wahutu, Ngagara, Musaga na Nyakabiga zikawa za Watutsi. Juni 1995 wanafunzi Wahutu waliuawa ndani ya Chuo Kikuu cha Burundi na wenzao. Buyenzi ilibaki mchanganyiko. Wakazi wake wengi walikuwa na jibu jingine la kutoa: sisi ni Waswahili. Jibu hilo halikuwakinga na kila kitu, lakini liliwapa pa kusimama ambapo wengine hawakuwa napo.

Hapa ndipo watu wengi huhitimisha kwamba kijana ni kuni tu za kuwashia moto wa wazee. Ingekuwa hivyo, tusingekuwa na Buta.

Buta ni seminari ndogo ya Kikatoliki katika mkoa wa Bururi, kusini. Viongozi wake walikuwa wamefanya kazi ngumu: waliwaacha wanafunzi Wahutu na Watutsi wazungumze waziwazi kuhusu hofu zao, na wakawazoesha kula, kucheza na kulala pamoja nchi ikiungua nje ya uzio. Alfajiri ya Aprili 30, 1997 waasi walivamia bweni na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Wanafunzi 40 waliuawa. Wiki sita kabla, Machi 18, wanafunzi wa shule ya Nyange nchini Rwanda walikuwa wameamriwa vivyo hivyo na wakakataa vivyo hivyo.

Sitaki tuwageuze wale watoto kuwa picha za ukutani. Ninachotaka kionekane ni kwamba hawakukataa kwa sababu hawakujua makabila yao. Walijua, na walikuwa wameyazungumza. Vijana wa Sans Echec nao walijua yao. Kilichowatofautisha ni kwamba wa Buta walikuwa wamepewa mahali pa kulitamka neno hilo mbele ya mwenzao wa upande wa pili na kusikilizwa. Kazi kama hiyo ilifanyika kwingine pia: Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoendeshwa na wamisionari, kiliwakutanisha vijana wa mitaa ya kaskazini iliyokuwa ikiuana. Studio Ijambo, iliyoanza 1995, iliweka waandishi Wahutu na Watutsi kwenye habari moja. Radio Publique Africaine, iliyoanzishwa 2001, iliajiri waliokuwa wapiganaji wa pande zote. Kizazi cha wanaharakati kilichokuja kujitokeza baadaye kililelewa na redio hizo.

Arusha: kulihesabu kabila hadharani

Nyerere alianza kusuluhisha 1996, akafariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akaendeleza, na mkataba ukasainiwa Arusha Agosti 28, 2000. Katiba ya 2005 iliuingiza katika sheria. Bunge: asilimia 60 Wahutu, 40 Watutsi, na viti 3 vya Watwa. Seneti: nusu kwa nusu, na tena 3 vya Watwa. Jeshi: hakuna kabila linaloruhusiwa kuzidi asilimia 50. Wanawake: angalau asilimia 30 bungeni. Katika orodha ya wagombea wa chama chochote, kila watatu wanaofuatana wasiwe wote wa kabila moja.

Wengi huku kwetu, tuliolelewa kuona kutaja kabila ni dhambi ya kisiasa, tunaushangaa utaratibu huu. Si ni kuchochea ukabila? Chukua ndugu waliouana kwa ajili ya shamba la urithi. Wazee wakija, hawawaambii "pendaneni, mipaka haina maana". Wanapima na kuweka mawe ya mpaka mbele ya mashahidi. Mawe hayo hayaleti upendo. Yanachofanya ni kumwondolea kila mmoja hofu kwamba akilala, mwenzake atasogeza mpaka. Mgawo wa Arusha ulifanya kazi hiyo. Ile hesabu ya siri ya enzi za Bagaza ikawa hesabu ya wazi, na mtu akaweza kuisoma, kuibishia na kuidai.

Rwanda ilichukua njia iliyo kinyume: baada ya 1994 kabila liliondolewa kwenye vitambulisho na kwenye siasa, na tangu 2013 kuna programu ya Ndi Umunyarwanda inayosisitiza utaifa mmoja. Watu hupenda kuuliza ipi ni bora. Nadhani swali hilo ni la haraka mno. Rwanda ilitoka kwenye mauaji ya kimbari yaliyomalizwa kwa ushindi wa upande mmoja. Burundi ilitoka kwenye vita ambavyo hakuna aliyeshinda, na kila upande uliingia mezani ukiwa na silaha. Suluhu zao hazikuweza kufanana.

Jambo moja liko wazi. Baada ya 2005 vyama vikubwa vya Burundi vilibeba watu wa makabila yote, na vikaanza kugombana na wenye kabila lao wenyewe. Wapinzani wakali wa CNDD-FDD, chama tawala tangu 2005 kilichotoka msituni kikiwa cha Wahutu, wakawa Wahutu wengine, Agathon Rwasa, naye kiongozi wa zamani wa waasi, akiwa mbele. Ugomvi ulihamia kwenye chama, na wengi wetu huku hatukuliona hilo.

2015: nani alikuwa barabarani?

Aprili 25, 2015 CNDD-FDD ilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Wapinzani walisema Arusha inaruhusu miwili tu. Chama kikasema wa kwanza hauhesabiki kwa kuwa alichaguliwa na Bunge. Kesho yake vijana waliingia barabarani Bujumbura.

Uvumi wa kwanza ulidai kwamba yalikuwa maandamano ya Watutsi. Ni kweli kwamba Musaga na Nyakabiga, mitaa ya Watutsi tangu vita, ilikuwa katikati ya maandamano, na kwamba Kamenge na Kinama zilitulia. Serikali iliutumia ukweli huo. Lakini wakazi wa Cibitoke na Mutakura waliandamana wakiwa mchanganyiko. Pierre Claver Mbonimpa, mtetezi wa haki aliyepigwa risasi Agosti mwaka huo akanusurika, ni Mhutu. Jenerali Godefroid Niyombare, aliyejaribu kupindua serikali Mei 13 wakati rais akiwa Dar es Salaam, ni Mhutu na alikuwa mpiganaji wa CNDD-FDD. Viongozi kadhaa wa chama tawala walioukataa muhula ule na kukimbia nchi walikuwa Wahutu. Ukilishika kabila peke yake, hakuna hata kimoja kati ya hivi utakachoweza kukieleza.

Waandamanaji walijiita *sindumuja*, yaani mimi si mtumwa. Halikuwa jina la kabila wala la chama. Lilikuwa jibu jipya kwa swali la zamani, na kwa wiki chache vijana waliozaliwa mitaa iliyofukuzana walisimama kizuizi kimoja wakilitumia. Serikali ilipofunga chuo kikuu, wanafunzi waliokosa pa kwenda walipiga kambi nje ya ubalozi wa Marekani, na mwishoni mwa Juni mamia yao walipenya chini ya geti wakitafuta usalama. Redio za binafsi zilikuwa zimeshashambuliwa na kuchomwa wakati wa jaribio la mapinduzi. Desemba, baada ya mashambulizi kwenye kambi za jeshi, vijana waliuawa majumbani Nyakabiga na Musaga. Watu zaidi ya 400,000 waliishia ukimbizini, wengi wao Tanzania, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli.

Uvumi mwingine ulisema kwamba vijana walinunuliwa na mataifa ya nje. Mashirika ya nje yalifadhili redio na asasi nyingi, hilo halina siri. Lakini ruzuku ya ofisi haimfanyi mtu akabiliane na risasi kwa wiki kadhaa. Kijana wa Bujumbura wa 2015 alikuwa na sababu zake: ajira hakuna, ardhi ya familia imegawanywa hadi haigawanyiki, na alikuwa ameahidiwa tangu shule ya msingi kwamba Arusha ni neno la mwisho.

Wale wa upande wa pili

Imbonerakure ni umoja wa vijana wa CNDD-FDD, na ulianza na wapiganaji wa zamani. Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, iliyoundwa 2016, iliwataja mara kwa mara katika visa vya mauaji, mateso na vitisho. Serikali imewatetea kuwa ni vijana wazalendo wanaoshiriki kazi za maendeleo na ulinzi wa vijiji.

Uovu uliothibitishwa haufai kupunguzwa makali. Ila tukiishia kuwaita majambazi hatutaelewa kwa nini ni wengi. Katika kilima cha mbali, chama ndicho njia ya karibu zaidi ya kupata kazi, kusikilizwa ofisini, au kutoguswa. Baadhi yao ni watoto au wajukuu wa waliouawa 1972 au 1993, waliokua wakiambiwa kwamba chama hiki ndicho kilichowarudishia wazee wao heshima. Kijana kama huyo anapoambiwa kuwa waandamanaji wa mjini wanataka kuirudisha nchi enzi zile, ana kaburi la kumthibitishia. Sindumuja na Imbonerakure wana umri mmoja, mara nyingi kabila moja, na umaskini mmoja. Wanachotofautiana ni nani anayewafaa kama mlinzi.

Woga huu wa madaraka umefika hadi madarasani. Mwaka 2019 wasichana watatu wa shule mkoani Kirundo waliwekwa ndani kwa kuchorachora picha ya rais kwenye vitabu, na waliachiwa baada ya kelele za mtandaoni ndani na nje ya nchi. Hakuna aliyeuliza kabila lao.

Kumbukumbu ya nani?

Kama kabila si mstari mkuu tena, mbona halikufa? Kwa sababu wafu hawajazikwa pamoja. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ilifukua mwaka 2020 makaburi ya halaiki sita mkoani Karuzi na kutangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Desemba 2021 ilitangaza kuwa mauaji ya 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Kwa familia zilizolia kimya kwa miaka hamsini ilikuwa faraja, na walistahili. Wakosoaji wakauliza kwa nini Kibimba na vilima vya 1993 havipewi uzito uleule, na kwa nini 2015 haimo kabisa.

Kwa hiyo kijana bado anapokea kumbukumbu ya upande mmoja nyumbani, na serikali inampa nyingine ya upande mmoja. Mwanasiasa akihitaji kabila kesho, malighafi ipo. Hiyo ndiyo hatari halisi, na haina uhusiano na chuki ya asili.

Sasa turudi kwenye habari ya Seneti tuliyoanza nayo. Katiba mpya ya 2018 ilibakiza mgawo wa makabila, lakini kifungu cha 289 kiliipa Seneti miaka mitano kuutathmini, ili uendelee au ufutwe, na tathmini ilianza Julai 2023. Kwetu watu wamejadili hilo tu. Wachache wameona kilichofutwa na katiba hiyohiyo bila tathmini yoyote: haki ya kila chama kinachopata angalau asilimia 5 ya kura kupewa nafasi serikalini. Hesabu ya makabila ikabaki, hesabu ya vyama ikaondoka.

Juni 2025 Warundi walipiga kura. CNDD-FDD ilitangazwa kushinda viti vyote 100 vilivyogombewa. Ndani ya viti hivyo uwiano wa 60 kwa 40 uliheshimiwa, wanawake wapo, Watwa wakaongezwa kama sheria inavyotaka. Kila kabila lina mtu wa kulisemea bungeni, na kijana wa Musaga au wa Kinama asiyekuwa wa chama hicho hana.